Usikioshe Bado: Ushauri kwa Familia Zinazotafuta Vitu vya Kale Ardhini

Kila likizo ya shule inapokaribia, wasomaji wetu mlioko Uingereza mnaniuliza mambo yale yale matatu. Tununue mashine gani ya kutafutia metali? Tukatafute wapi na watoto? Na tukishapata kitu, tukioshe kwa kutumia nini? Leo nawajibu kwa pamoja, ila nitaupangua mpangilio wa maswali yenu. Anayeanza na mashine hujikuta ana chombo cha pauni mia tatu na hana pa kukipeleka. Na anayekimbilia kuosha huharibu kwa dakika tano kitu kilichokaa udongoni miaka mia nne kikiwa salama.

Ninayoyasema hapa ni ya England na Wales. Scotland kila kitu cha kale kinachookotwa ni mali ya Taji na lazima kitolewe taarifa. Ireland ya Kaskazini ni kosa kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni, na katika Jamhuri ya Ireland hata kutumia mashine kuvitafuta bila idhini ni kosa. Ukisafiri likizo, usidhani sheria inasafiri nawe.

## Kila ardhi ina mwenyewe

Nchi hii haina pori la bure. Kabla ya kuwasha mashine, jua umesimama kwa nani.

- Shambani. Omba ruhusa ya mwenye shamba, tena ya maandishi. Kama mkulima amepanga tu, mwenye ardhi naye lazima akubali. Andikianeni mapema jinsi mtakavyogawana kitakachopatikana. Desturi ni nusu kwa nusu.
- Bustani za halmashauri. Nyingi zimepiga marufuku. Piga simu uulize, usikisie.
- Ardhi ya National Trust. Kwa kawaida hairuhusiwi.
- Ufukweni. Sehemu inayofunikwa na kuachwa na maji, kama iko chini ya Crown Estate, haihitaji kibali. Lakini si fukwe zote ni zao. Nyingine ni za halmashauri au watu binafsi.
- Kingo za Thames, London. Huwezi kutafuta chochote bila kibali cha Port of London Authority, hata kama unatumia macho matupu.
- Maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali. Sheria ya mwaka 1979 inakataza kutumia mashine humo bila idhini rasmi, hata kama mwenye shamba amekukaribisha kwa chai.

Mama mmoja aliniuliza swali ambalo wengi mnalo moyoni: "Sisi weusi tukibisha hodi kwa mkulima asiyetujua, si atatuitia polisi?" Wasiwasi huo si wa kupuuza. Jibu langu ni kwamba msianze na mlango wa mkulima. Anzeni na klabu ya eneo lenu. Klabu ina mashamba yaliyokwisha kuombewa ruhusa na ina wazee wanaojua udongo wa hapo, na nyingi hupokea watoto wakiwa na mzazi. Jiungeni pia na National Council for Metal Detecting, kwa sababu uanachama wake una bima ya kulipa mkimdhuru mtu au mali yake. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na kadi, bima na mtu wa kuwadhamini. Hapo ndipo mnapokwenda kwa mkulima: nendeni mchana, baada ya mavuno, mkiwa na mtoto mmoja na si msafara mzima. Akikataa, mshukuruni na muondoke.

## Mashine: nunua kwa kuzingatia mahali

Sasa mnajua mtakapokwenda, na swali la mashine limekuwa jepesi.

- Kama mtakwenda baharini, msinunue mashine ya masafa mamoja. Mchanga mbichi wenye chumvi huipigisha kelele pasipo na kitu. Tafuteni ya masafa mengi kwa pamoja, na koili yake, ile sahani ya chini, iwe haiingii maji.
- Kama ni mashamba tu, mashine ya kuanzia ya pauni mia mbili au tatu inatosha kabisa. Itasikia sarafu iliyo kina cha sentimita kumi na tano hadi ishirini. Zaidi ya hapo msidanganywe na matangazo.
- Kwa mtoto mdogo, angalieni uzito kuliko uwezo. Mkono ukichoka, hamu nayo imekwisha.
- Pinpointa, ile fimbo fupi ya kunusia ndani ya shimo, si anasa. Bila hiyo mtapasua kwa mwiko kile mlichokuja kukitafuta.
- Hedifoni, mwiko imara, glavu, mifuko midogo ya plastiki ya kujifunga, kalamu ya risasi na daftari.

Mnauliza kama mashine mbili ni lazima. Hapana. Mpeni mmoja mashine, wa pili mwiko, wa tatu daftari na simu ya kurekodi mahali, kisha mbadilishane kila baada ya robo saa. Mwenye daftari ndiye mkubwa wa msafara, na watoto wakilielewa hilo mapema watagombania daftari badala ya mashine.

Kabla ya kutoka, fukieni bustanini kwenu sarafu ya shaba, ya fedha, kizibo cha chupa, msumari na kishikio cha kopo la soda, kila kimoja kwa kina mnachokijua. Pitisheni mashine, sikilizeni, andikeni sauti na namba ya kila kimoja. Mtagundua jambo linalowaumiza wengi: kishikio cha kopo na pete ya dhahabu huweza kutoa namba zinazokaribiana sana. Anayeifunga mashine isisikie takataka ameifunga isisikie na pete. Wakati wa kujifunza, chimbeni kila sauti inayojirudia.

## Siku ya kwanza iwe ufukweni

Mchanga ni mwepesi, shimo hujifukia, na mtoto hakosi kupata kitu. Fuateni hivi:

1. Someni jedwali la maji. Waliokulia pwani mnajua tofauti ya bamvua na maji mafu. Siku za bamvua maji hupwa mbali na kufungua mchanga usioonekana siku nyingine. Lakini bamvua hiyo hiyo hujaa kwa kasi. Ingieni maji yakiwa bado yanapwa, na wekeni saa ya kengele ya kutoka.
2. Tembeeni sambamba na maji, kisha rudini hatua moja juu, kama anayelima matuta.
3. Koili iwe chini karibu iguse mchanga, na ibaki sawa. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuinyanyua mwisho wa kila mzunguko kama mtu anayefyeka majani. Hapo mashine inasikia hewa.
4. Polepole. Kila mpito ufunike nusu ya mpito uliopita.
5. Sauti ikija, geuka robo duara uipitie tena. Ikisikika pande zote mbili, chimba. Ikisikika upande mmoja tu, mara nyingi ni chuma chenye kutu.
6. Takataka zote mlizochimbua ziingie mfukoni, ziondoke nanyi.

Wakati mzuri ni baada ya dhoruba au baada ya mwisho wa wiki wenye jua. Mtapata pesa za sasa. Pauni ya duara madukani haipokelewi tangu Oktoba 2017, lakini benki yenu inaweza kuipokea. Senti zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1992 ni chuma kilichopakwa shaba, kwa hiyo huvimba kutu, msishangae.

Pete ya mtu si bahati yako. Kitu cha juzi kina mwenyewe, na sheria ya hapa inamhesabu kuwa mwizi anayekiweka bila kufanya juhudi ya kumtafuta. Wasomaji Waislamu mnaijua hukumu ya kitu kilichookotwa, kwamba hutangazwa mwaka mzima. Toeni taarifa polisi, wekeni tangazo la eneo hilo, na msitaje maandishi yaliyo ndani ya pete. Mwenyewe ndiye atakayeyataja.

## Kuchimba shambani na kwenye majani

- Kateni majani pande tatu, upande wa nne muuache kama bawaba. Funueni, msing'oe.
- Udongo uwekwe juu ya kitambaa au plastiki, usimwagwe majanini.
- Pitisheni pinpointa kwenye shimo na kwenye rundo la udongo. Mara nyingi kitu kimeshatoka, nanyi bado mnachimba.
- Rudisheni udongo, funikeni, kanyageni. Mwenye shamba akipita kesho asione mlipochimba.
- Kabla ya hatua nyingine yoyote, pigeni picha kitu kikiwa hapo kilipo, chukueni namba za ramani kwenye simu, andikeni kina. Kila kitu na mfuko wake, na kila mfuko na karatasi yake.

Hili la kuandika ndilo ninaloomba mlishike kuliko yote. Bizimu ya Kirumi isiyojulikana ilikotoka ni bizimu tu. Ikijulikana ilitoka kona gani ya shamba gani, huweza kuonyesha mahali palipokuwa na nyumba ambayo hakuna kitabu kinachoitaja. Ndiyo maana kuna Portable Antiquities Scheme, mpango ulioanza mwaka 1997 na ambao sasa unaendeshwa na British Museum na makumbusho ya taifa ya Wales. Kila eneo lina afisa wake. Mpelekeeni mnachokipata, atakitambua bure, atakipiga picha, ataandika kwenye orodha ya taifa yenye vitu zaidi ya milioni moja na nusu, kisha mara nyingi atawarudishia. Mtoto akiona kitu alichookota yeye kimepewa namba humo, hahitaji kushawishiwa tena kutoka kitandani Jumapili.

## Mkiona zaidi ya kimoja, acheni

Sarafu ya pili, ya tatu, kisha ncha ya chombo cha udongo. Hapa ndipo mikono inapowasha, na hapa ndipo pa kuacha.

Novemba 1992, kijiji cha Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikwenda kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea shambani. Akaangukia sarafu za dhahabu na fedha na vijiko vya fedha. Hakuendelea mpaka chini. Walitoa taarifa, na wanaakiolojia wakaja haraka kuchimba wenyewe, tabaka kwa tabaka. Kwa sababu aliacha, tunajua leo kwamba mali ile ya Kirumi, karibu sarafu elfu kumi na tano, ilipangwa ndani ya sanduku la mbao lenye visanduku ndani yake. Alipewa zawadi ya pauni milioni 1.75 naye akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, nayo iko British Museum.

Wekeni jambo hilo kando ya la Herefordshire, mwaka 2015: wanaume wawili walichimbua hazina ya enzi za Waviking, wakaificha na kuiuza chini chini. Mwaka 2019 walihukumiwa kifungo cha miaka mingi. Sarafu nyingi hazijaonekana mpaka leo. Kama wangetoa taarifa, wangelipwa kihalali.

Kwa sheria ya hazina ya mwaka 1996, hazina ni hasa:

- Kitu chenye umri wa miaka 300 au zaidi ambacho angalau asilimia 10 yake ni dhahabu au fedha. Sarafu moja pekee haihesabiki.
- Sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha za umri huo zilizopatikana pamoja. Kama ni za metali nyingine, kumi au zaidi.
- Vitu viwili au zaidi vya metali vya kabla ya historia vilivyokuwa pamoja.
- Tangu Julai 2023, pia kitu chenye metali cha miaka 200 au zaidi ambacho umuhimu wake kihistoria ni wa pekee.

Taarifa hutolewa ndani ya siku 14 kwa mchunguzi wa vifo wa eneo hilo, ambaye kwa desturi ya kale ya nchi hii ndiye pia anayeamua mambo ya hazina. Afisa wa eneo lenu atawasaidia kuandika.

## Sasa tuje kwenye kuosha

Najua kwetu sinia la shaba husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ling'ae, na najua mkono wa mzazi hauwezi kuvumilia uchafu. Lakini sarafu ya shaba iliyotoka ardhini si sinia. Ishike karibu na dirisha uitazame kwa kioo cha kukuzia: ile rangi ya kijani, laini kama imepakwa nta, ni shaba yenyewe iliyogeuka. Sura ya mfalme na maandishi yamo ndani ya ngozi hiyo. Asidi ya ndimu huila ngozi, na chini yake hubaki duara jekundu lenye vishimo, lisilo na sura wala jina. Hakuna fundi anayeweza kulirudisha.

Kwa hiyo msitumie hivi, hata kidogo: siki, ndimu, ukwaju, Coca-Cola, dawa ya meno, waya wa kusugulia sufuria, dawa ya kung'arishia metali. Mafuta ya zeituni nayo, ambayo wazee wengi wa klabu bado huyasifu, yana asidi yake, mimi siyashauri.

Kanuni ya nyumbani iwe hii: kama huwezi kusema kitu ni cha mwaka gani, kihesabu ni cha kale. Kipeleke kwa afisa na udongo wake.

Vya kawaida, vilivyokwisha kutambuliwa, mvitunze kulingana na metali yake:

- Dhahabu. Haishikwi na kutu. Maji ya vuguvugu, tone la sabuni, vidole. Kama ina jiwe au rangi ya kioo, iache.
- Fedha ya kale iliyogongwa kwa nyundo. Ni nyembamba na huvunjika. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya pasi, kisha iweke juu ya karatasi laini ikauke. Usisugue kati ya vidole: chembe za mchanga huikwaruza. Ikiwa imekunjika, usiinyooshe. Itakatika.
- Fedha ya karne ya ishirini. Sarafu za Uingereza za kabla ya 1920 ni fedha asilimia 92.5, na za 1920 hadi 1946 ni asilimia 50. Zilizo za kawaida na zimekuwa nyeusi mnaweza kuzilaza juu ya foili ndani ya maji ya moto yenye magadi ya kuokea. Weusi utahamia kwenye foili. Watoto hulipenda jaribio hili, lakini libaki kwa sarafu hizi tu.
- Shaba. Loweka kwenye maji yaliyokenekwa, badilisha maji kila siku. Udongo ukilegea, uondoe kwa kijiti cha meno cha mbao, chini ya kioo, punje kwa punje. Ukifika kwenye kijani laini, simama. Ukiona vidoa vya unga wa kijani kibichi vinavyorudi baada ya kufutwa, huo ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi. Kitenge na vingine, kiweke pakavu, mwone mtaalamu.
- Chuma. Cha shambani kikaushe na kiwekwe pakavu. Kilichotoka baharini kibaki majini mpaka upate ushauri, kwa maana kikikauka hupasuka magamba. Wengi mnauliza kuhusu kuondoa kutu kwa umeme wa betri. Njia hiyo hutoa hewa inayolipuka, na ukitumia chuma cha pua majini hutoka sumu. Si kazi ya jikoni wala ya watoto.
- Risasi. Marisasi ya bunduki za zamani yana unga mweupe wenye sumu. Shikeni kwa glavu, msisugue yakiwa makavu, na msiyahifadhi kwenye droo ya mwaloni, kwani mvuke wa mti huo huyala.
- Ngozi au mbao mbichi. Zibaki na unyevu wake, mfukoni, mahali pa baridi, na mpigie afisa simu siku hiyo hiyo.

Pesa za sasa za kutumia dukani ndizo mnazoweza kuwapa watoto waoshe kwa raha yao. Chupa ya plastiki yenye mfuniko, kokoto ndogo za tangi la samaki, maji, tone la sabuni ya vyombo, kisha watikise. Tengeni nyekundu na nyeupe. Zikichanganywa zote hutoka za waridi.

Kuhifadhi ni kazi ya boksi la plastiki linalofunga vizuri na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Jina na namba za ramani zikae pamoja na kitu, si kwenye simu peke yake.

## Hatari ambazo hazisubiri

- Makombora ya vita bado hutokea mashambani na ufukweni. Kitu kizito cha mviringo wenye ncha au mapezi: msikiguse, wekeni alama kwa mbali, ondokeni, pigeni 999.
- Mikono ioshwe kabla ya kula, kila mara.
- Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa na wakati.
- Mtoto asichimbe kwa vidole. Vioo havitoi sauti kwenye mashine, na sindano huenda isisikike.

## "Tunaweza kwenda nayo nyumbani?"

Swali hili huja kila Desemba. Mashine ni yenu, lakini sheria inayowasubiri ni nyingine. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na huwezi kuvichimbia wala kuvitoa nchini bila leseni. Zanzibar ina sheria yake. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inavihesabu vya kale vile vya kabla ya 1895. Kwa hiyo Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kaole, Gede, Jumba la Mtwana na kila gofu lililo karibu na kijiji chenu, mashine isiwashwe. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa bado zimo mchangani, na kila moja inayoondolewa kimya kimya ni ukurasa unaotoka kwenye historia yetu wenyewe.

Halafu kuna hadithi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa ardhini. Mtakutana na mtu mwenye ramani, mwenye alama kwenye jiwe, au mwenye rupia ya kuonyesha kwenye kitambaa, na atajua tayari kwamba mmetoka Ulaya na mashine. Ni kweli kwamba Wajerumani walitengeneza Tabora mwaka 1916 sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Lakini anayewaomba fedha za kafara, za mtaalamu au za kibali kabla ya kuchimba anawaibia. Msitoe hata shilingi.

Kutafuta ufunguo au hereni iliyodondoka uani kwa bibi hakuna neno. Na mkiokota kitu cha kale bila kukitafuta, msikioshe, msikihamishe ikiwezekana, pigeni picha. Kenya mnatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba. Tanzania nendeni ofisi ya serikali iliyo karibu mara moja, na mwombe taarifa yenu ifikishwe kwa wahusika wa mambo ya kale kwa maandishi, nakala moja mkabaki nayo.